Kibao cha Shaba na Choo cha Chini ya Ngazi

Katika mji wa Pell Creek, jimbo la Iowa, nyumba haiitwi kwa jina la anayeishi ndani yake. Huitwa kwa jina la aliyeishi kabla yake, au kabla ya huyo. Ukitaka nyumba iitwe kwa jina lako, sharti ufe au uhame, na hata hapo watu husubiri kidogo waone kama hutarudi.

Ndiyo maana Ardith Kloster, aliyekuwa amekaa miaka arobaini katika nyumba kubwa ya kona, bado alikuwa anaishi "kwa Thornbury." Huyo Josiah Thornbury alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, na nyumba aliijenga mwaka 1888. Akakaa humo majira mawili ya baridi. Mkewe akasema upepo unaopita kwenye mnara unamlilia kama marehemu shangazi yake, wakafunga virago wakaenda California, na hata salamu hawakutuma. Ardith, yeye alizalia humo mtoto, akamwuguzia humo mume wake Leland mpaka siku ya mwisho, akapangusa kila nakshi ya ngazi kwa kitambaa na mafuta ya ndimu. Lakini akisema kanisani, "Jana nyumbani kwangu," mtu humwuliza kwa upole, "Pale kwa Thornbury?"

Kwa nje, nyumba ilikuwa ya kupigwa picha. Ilikuwa na baraza la kuizunguka pande tatu, mbao zilizotobolewa na kuchongwa kama pambo la keki ya harusi, vioo vya rangi, na ule mnara wa duara uliokaa pembeni kama kofia iliyovaliwa upande. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi fungua. Mnara haukubali kitanda kwa kuwa hauna kona, haukubali kabati kwa sababu hiyohiyo, unawakubali popo tu. Vyumba vya kulala ni sita, mlalaji mmoja. Sebule mbili, moja ya wageni na moja ya wageni wa heshima. Na choo ni kimoja, nacho kiko ghorofani, mwisho wa ngazi ndefu iliyojipinda kwa madaha ya kizamani.

Ngazi hiyo ndiyo iliyokuwa kesi. Ardith alikuwa mpishi wa shule kwa muda wote wa utu uzima wake, akisimama juu ya sakafu ya saruji akiwapikia watoto wa watu makaroni ya jibini. Watoto walikua wakaenda zao, saruji ikamwachia magoti. Sasa magoti yalikuwa na maoni yao, na kila alipoiendea ngazi yalitoa maoni hayo kwa sauti. Mwanawe Curtis, aliyeishi Des Moines, aliyasikia kwenye simu.

"Mama, huo mlio ni wa nini?"

"Ni kiti."

"Kiti kinasema 'aah'?"

"Ni kiti cha zamani, mwanangu."

Curtis hakudanganyika. Alikuwa amemtafutia mama nafasi katika nyumba za wazee, mahali pasafi, pana lifti.

"Lifti ya kwenda wapi?" akauliza Ardith.

"Ghorofa ya tatu."

"Na huko juu kuna nini?"

"Chumba chako, Mama."

"Sasa kama wana huruma na magoti yangu, si wangeniweka chini?"

Walibishana kwa adabu, kama wanavyobishana watu wa huko, kila mmoja akikubaliana na mwenzake huku akikataa. Mwisho Curtis akasema neno lake: ikifika vuli, mahindi yakishavunwa, kama hakuna choo chini, anakuja na gari la kuhamia. Ardith akasema sawa. Siku ileile akamwendea Delmar Oakes, fundi bomba, jirani yake wa nyumba ya pili. Wakakubaliana choo kidogo kiwe chini ya ngazi, penye stoo ya mitungi ya achari. Ukutani lingetobolewa tundu la bomba la hewa, na kidirisha kidogo kitokeze barazani. Delmar angeanza Jumatatu.

Siku ya Alhamisi akaja Lavonne Haugen.

Lavonne alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Urithi wa Mji. Hakuna aliyemchagua. Aliwahi kusema kwenye mkutano kwamba hawezi kabisa, hafai kabisa, na wenzake wakajua anataka. Alikuwa mwanamke mwema wa nywele zilizopangwa kila Ijumaa, na aliipenda historia kwa pendo la dhati, hasa ile ambayo wenyewe walishakufa wasiweze kumsahihisha. Aliingia, akaketi sebule ya wageni wa heshima, wakazungumza kwanza habari za mvua, kisha habari za kukosa mvua, kisha Ardith akaleta kahawa na vipande vya keki ya ndimu.

"Ardith, mpenzi wangu," akaanza Lavonne, "nyumba hii inatimiza miaka mia. Kamati inataka kuitundikia kibao cha shaba. *Nyumba ya Thornbury.* Julai tutafanya sherehe, watu watakuja mpaka kutoka tarafa jirani."

"Lo! Na ikishatundikwa?"

"Ikishatundikwa, basi imehifadhiwa. Nje hakiguswi kitu. Hata msumari."

Ardith akawaza kidirisha. Akawaza bomba la hewa. Akasema, "La, la, Lavonne, msijisumbue."

Hapa itabidi nisimame kidogo, wasikilizaji wangu, msije mkamwona Ardith alikuwa dhaifu. Katika Pell Creek, ukipewa kitu hukikubali mara ya kwanza, hata kama ni kitambaa na umejikata kidole. Unakataa mara ya kwanza kwa malezi. Unakataa mara ya pili kwa heshima. Mara ya tatu ndipo unaposema la moyoni, ndiyo au hapana, na jibu hilo hushikwa kama kiapo. Watoto hulifahamu jambo hili kabla ya kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo ile "la" ya kwanza ya Ardith haikumstua Lavonne hata kidogo.

"Hatujisumbui hata! Tutafurahi."

"Jamani, hapana. Ziko nyumba nzuri kuliko hii."

Hiyo ya pili. Lavonne akatabasamu, akainama mbele, akauliza ya tatu: "Ardith. Kweli kabisa. Tukuwekee?"

Ardith alijua jibu lake. Lakini kumkatalia mtu kabisa, uso kwa uso, ndani ya sebule ya wageni wa heshima, ni kazi nzito, hutaka pumzi. Akaona ajipatie nafasi ndogo ya kupanga maneno laini. Akachukua kipande cha keki, akakiuma.

Keki ya ndimu ya Ardith ilisifika tarafa nzima kwa kunata. Alitafuna. Akatafuna. Lavonne alimtazama akitafuna kwa amani, bila neno la kukataa, akaona machozi yamemlengalenga — ya ndimu yale — akajipiga magoti kwa viganja viwili na kusema, "Haya basi!"

Na mtu wa Pell Creek akishajipiga magoti na kusema "haya basi," ameondoka, ingawa mwili utachukua nusu saa kumfuata. Kuna kwaheri ya kitini, kuna kwaheri ya mlangoni, kuna ya barazani, na kuna ya dirisha la gari, ndefu kuliko zote. Katika kwaheri zote hizo mada mpya huruhusiwa, ila kulifungua lililokwisha kufungwa huko kitini hakuruhusiwi. Ardith alipomeza, alikuta kibao kimekubaliwa. Akasimama barazani akipunga mkono.

Jumatatu Delmar alikuja bila mfuko wa vifaa. Akazungumza habari za mvua. Kisha akavua kofia, akaitazama ndani kama kwamba maneno yameandikwa humo.

"Ardith, mimi nina mke mmoja tu, na ndiye katibu wa kamati. Nikiutoboa ukuta ule, nitalala kwenye lori."

"Kidirisha kidogo tu, Delmar. Hata paka hapiti."

"Lori lenyewe limejaa mabomba mle ndani, hakuna hata pa kunyoosha miguu."

"Basi, usijali."

"Najali. Najali sana. Ila sitoboi."

Ardith alijaribu tena kanisani, baada ya ibada, penye meza ya mseto wa viazi na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani ambayo kila mtu huisifu na hakuna anayeila. Alimwambia Lavonne kwa kuzungukazunguka kwamba alikuwa anawaza, ni wazo tu, kama si vibaya, labda choo kidogo, huku chini.

Lavonne akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Choo kipya kwa Thornbury. Hilo wazo... lina namna yake."

Waliosikia walitazama sahani zao. Katika mji huo hakuna tusi linalopita hilo. Ukipaka nyumba rangi ya zambarau, ina namna yake. Binti yako akiolewa na mpiga ngoma, mkwe ana namna yake. Ardith akajirudisha nyumbani, akahamishia mto na blanketi kwenye kochi la chini, na ndoo akaiweka mahali ambapo sitapataja. Mwanamke aliyewalisha watoto wa mji mzima, mwenye nyumba yenye mnara, akawa analala na ndoo kwa ajili ya heshima ya mtu aliyehamia California.

Julai ikakaribia. Kamati ikawa inaingia na kutoka. Lavonne alitaka kila kitu kiwe kama 1888. Televisheni ikafunikwa shali. Jokofu likavishwa shuka, likasimama jikoni kama mzuka mnene. Saa ya umeme ikatolewa ukutani. Lavonne alipita chumba hadi chumba akinyoosha kidole: "Hiki ni cha baadaye, kifunikwe. Na hicho kifungwe."

Ardith alikuwa anamfuata nyuma, polepole, akishika kuta. Walipofika chini ya ngazi, akauliza, na ninaapa aliuliza bila hila yoyote, "Na bafu la juu, lenye choo? Hilo lilijengwa miaka ya ishirini. Mama mkwe wangu alimkumbuka fundi mwenyewe."

"Miaka ya ishirini!" Lavonne akashika kifua. "Basi si la Thornbury. Lifungwe. Weka utepe mwekundu hapa chini ya ngazi, asipande mtu."

"Asipande mtu yeyote?"

"Historia ni historia, Ardith."

Ilikuwa wakati anaupiga pasi ule utepe ndipo wazo lilipomjia Ardith. Pasi ikasimama. Akatazama nje, nyuma ya vichaka, kilipokuwa kibanda cha choo cha shimo cha wakati wa Thornbury, ambacho Leland alikuwa akiwekea majembe. Akatazama birika kubwa la kahawa lililoazimwa kanisani, la kunywesha waombolezaji mia. Akaendelea kupiga pasi. Hakumwambia mtu, na mimi simlaumu.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Wanaume walivaa suruali za kanda za mabegani na kofia ngumu za kizamani. Lavonne alivaa gauni aliloazima kwenye ghala la mavazi ya maigizo, lenye matao ya waya chini yake, pana kama hema. Gauni lile lilikuwa la kizazi kilichotangulia nyumba, lakini nani wa kusema? Alipita milangoni kwa ubavu, na hata hivyo vitu vilianguka.

Ardith alisimama jikoni na birika lake. Kahawa ya huko ni nyepesi, unaona maua yaliyochorwa chini ya kikombe, ila ni nyingi kama mvua ya masika.

"Kahawa, Delmar?"

"La, asante."

"Kidogo tu."

"La, usijisumbue."

"Kikombe kimoja."

"Haya, nusu."

Akamjazia mpaka ukingoni. Kila mgeni alikataa mara mbili na kukubali ya tatu, na vikombe vilipokwisha aliwarudia. Hakumlazimisha mtu. Malezi yao ndiyo yaliyowalazimisha.

Kisha Lavonne akasimama barazani kuhutubia. Alisimulia maisha ya Josiah Thornbury tangu utotoni, na kwa kuwa mambo ya kweli yalikuwa machache, alijaza kwa hisia. Akasema jinsi Thornbury alivyoupenda mji huu. Akasema jinsi ambavyo bila shaka aliulilia. Watu walianza kuhama mguu mmoja hadi mwingine. Mchungaji alivuka miguu akiwa amesimama. Mke wa Delmar aliyatazama maua kwa makini mno.

Na hapa ndipo adabu ilipowakaba. Kuuliza choo kiko wapi ni kumsumbua mwenyeji, na kumsumbua mwenyeji haiwezekani. Mficha uchi hazai, wanasema wengine. Watu wa Pell Creek huficha hata kiu. Wachache waliugundua mshale wa kadibodi alioutundika Ardith: *Choo cha 1888.* Walikwenda nyuma ya vichaka, wakafungua mlango, wakakutana na giza, nyigu, na harufu ya miaka mia isiyoghushiwa, wakarudi wakisema kwamba kina namna yake.

Lavonne alimaliza hotuba, akapigiwa makofi, na badala ya kuyafurahia akashuka barazani haraka akaelekea vichakani. Ardith alimwona kwa dirisha la jikoni. Alifika kibandani. Akajaribu kuingia kwa mbele, gauni likakataa. Akajaribu kwa ubavu, tao likainuka upande wa pili kama bawa la kuku. Akajaribu kinyumenyume. Nyigu wakatoka kutazama.

Muda si muda aliingia jikoni, uso mwekundu, akifunga mlango nyuma yake na kuibana sehemu ya gauni.

"Ardith, mpenzi. Siku nzuri, sivyo?"

"Nzuri. Ila mvua ingetufaa."

"Tusitaje mvua, tafadhali." Lavonne akatupa jicho upande wa ngazi. "Kule juu... kumefungwa?"

"Kumefungwa, kama ulivyosema. Nikufungulie?"

"La, la! Siwezi kukusumbua."

Mdomo wake ulijisemea wenyewe. Ardith aliona jinsi ulivyomponyoka, kama unavyomponyoka mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

"Si usumbufu. Utepe tu huo."

"Hapana, kweli, nitangoja," akasema Lavonne, na safari hii machozi yalikuwa karibu, wala si ya ndimu.

Zilikuwa mbili. Imebaki ya tatu. Lavonne alimtazama mwenyeji wake, akingoja aulizwe, kwa kuwa mtu hawezi kujiulizia.

Ardith akanyoosha mkono, akachukua kipande cha keki ya ndimu, akakiuma.

Alitafuna upande wa kulia. Akahamishia kushoto. Jokofu lilinguruma chini ya shuka lake. Lavonne alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaiangalia ile taya ikienda na kurudi, na kidogokidogo, jamani, kitu kikamfunukia usoni. Aliikumbuka Alhamisi ile. Alikumbuka keki.

"Ulikuwa unataka kukataa," akanong'ona.

Ardith akaitikia kwa kichwa, ndiyo, bado akitafuna.

"Nami nikajipiga magoti."

Ndiyo.

"Na ngazi ile unaipandaje kila siku?"

Ardith akameza. "Siipandi. Nina ndoo."

Nadhani hilo ndilo lililomgusa Lavonne, kwa maana, kama nilivyosema, alikuwa mwanamke mwema. Hakuwa amewahi kuifikiria nyumba ile kama mahali ambapo mtu hukojoa.

"Pale chini ya ngazi," akasema haraka haraka, akivuka mguu juu ya mguu, "ingewezekana... yaani, familia ya hadhi ile haikosi ilikuwa na mahali. Faragha. Kwa ajili ya wageni."

"Haikosi," akasema Ardith.

"Na kidirisha."

"Na bomba la hewa. Lavonne, nikufungulie utepe?"

"Ndiyo! Bwana wee, ndiyo!"

Hakungoja kufunguliwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi alipita sebule mbili na gauni lake la waya, akaangusha vinyago viwili vya kauri, akaukata utepe mwekundu kwa kifua kama mkimbiaji anayemaliza mbio, akapanda ngazi. Waliokuwa sebuleni walitazama utepe uliolala sakafuni. Kisha Mchungaji alisogea, akasimama chini ya ngazi kana kwamba anaangalia nakshi, na mke wa Delmar akasimama nyuma yake kuangalia nakshi, na mpaka mwenyekiti anashuka, nusu ya mji ilikuwa imejipanga mstari ikiangalia nakshi.

Kamati ilikutana palepale barazani. Lavonne akaeleza kwamba uchunguzi mpya umebaini uwezekano mkubwa wa faragha ya chini ya ngazi katika siku za Thornbury. Kila mjumbe akasema yeye hana tatizo kama wengine hawana tatizo. Kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama Delmar, Delmar akasema, "Mimi nitatoboa, mradi nilale kitandani," na mkewe, aliyekuwa ameshuka ngazini muda si mrefu na uso umetulia, akasema hana tatizo.

Vuli ilipofika, Curtis alikuja na gari la kuhamia. Aliingia chini ya ngazi, akafungua kidirisha, akafunga, akavuta maji, akayasikiliza. Akatoka.

"Kazi nzuri," akasema.

"Keki?" akauliza mama yake.

"La, nimeshiba."

Aliondoka amebeba sahani nzima, na gari halikubeba kitu kingine.

Wiki ileile Lavonne akapita na kifurushi kidogo. Ndani kulikuwa na kibao cha shaba cha pili, kidogo, cha kutundikwa juu ya mlango ule: *Faragha ya Thornbury.*

"Tukuwekee, Ardith?"

"La, la, la," akasema Ardith, zote tatu kwa pumzi moja, mdomo mtupu, mbali na sahani.

Lavonne akamtazama, kisha akacheka mpaka nywele za Ijumaa zikatikisika. Akakirudisha kibao mkobani, akajipiga magoti. "Haya basi!"

Wakaagana kitini. Wakaagana mlangoni, habari za mjukuu wa fulani. Walipofika barazani Lavonne alikuwa ameanzisha habari za mahindi, na Ardith akaona hizo ni ndefu. Akasema, "Nakuja," akaingia ndani, akazunguka chini ya ngazi, akakaa kwa raha zake na mlango umefungwa. Kwa kile kidirisha alimsikia mgeni akiendelea. Akamaliza, akanawa, akatoka bila haraka, na alipofika barazani Lavonne bado hajafikia gari.